Sweta la Jorma

Nilianzia shingoni.
Shingoni ndipo nilipomalizia mwaka ule nilipolifuma,
na kitu hufumuliwa kuanzia kilipoishia.
Ukishaipata ncha, kilichobaki ni kuvuta:
mstari, mstari mwingine,
kifua chote cha Jorma kikishuka, trrr, trrr,
mapajani mwangu kama tambi za kahawia.

Lugha nayo ina utani wake:
nilifuma, nikafumania, sasa nafumua.
Si kwamba niliwaona kwa macho. Niliona taulo mbili,
zote mbili mbichi, kwenye kamba
nje ya kibanda chetu cha ziwani,
na mtu aliyeniaga kwamba anakwenda kuoga mvuke peke yake.

Uzi uliofumuliwa haukubali kunyooka.
Unabaki na mawimbi ya kazi yake ya zamani.
Nikauloweka kwenye maji vuguvugu na tone la siki,
nikauanika bafuni, chini nikauning'inizia chupa ya lita moja
iuvute taratibu, usahau.
Siku tatu nzima Kuopio ilikuwa nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri.
Hata baridi, nikawaza, nayo hupimwa kwa nyuzi.

Viwiko vilikataa.
Miaka kumi na tisa akiegemea meza ile ile,
gazeti, kahawa, gazeti,
hadi sufu ikashikana kama blanketi la jeshi.
Nilivuta, niliuma meno, nikachukua mkasi.
Vikabaki mezani viduara viwili
kama biskuti zilizoungua.

Kisha ndoano, namba nne.
Vitanzi vinne, unganisha, iwe pete
(pete, ndiyo, mwenyewe nilicheka),
ndani ya pete nguzo tatu, kitanzi,
nguzo tatu, kitanzi,
na kwenye kona nguzo mara mbili,
maana kona isipopewa ziada, mraba wote hujikunyata.
Katikati kahawia ya Jorma,
kisha kijani cha kizibao changu,
kisha nyekundu: skafu ya shule ya mtoto wa Sirkka-Liisa,
jirani, ambaye alikuja na mkate mtamu wa iliki
akasimama mlangoni akitazama.
"Huo si ndio mraba wa bibi? Na wewe huna hata mjukuu."
"Nina hasira," nikamwambia.
"Kwa umri wake, ingekuwa na wajukuu."

Mkoba ni miraba kumi na mitatu.
Nilihesabu vibaya, nikafuma kumi na miwili,
nikaipanga sakafuni, likabaki tundu,
na kahawia imebaki urefu wa mkono tu.
Basi wa kumi na tatu nikauokoteza:
makombo ya kijani, uzi wa soksi, kamba ya zawadi ya Krismasi.
Haukufanana na ndugu zake.
Nikauweka kitakoni, panapobeba uzito.
Ndani nikashona kiwiko kimoja, kikawa mfuko wa funguo.
Cha pili sijui kilikoenda.

Machi, sokoni, barafu ikitoka jasho juu ya mawe.
Niko foleni ya wale samaki wadogo wa ziwani,
wa kukaangwa kwa siagi na unga,
na nyuma yangu, Jorma.
Koti jipya la dukani, mikono yake mifupi kidogo.
"Nikushikie," akasema, kwa mazoea,
nami nilikuwa natafuta pochi, nikampa.
Akaushika mkoba kwa mikono miwili.
Kidole gumba kikapita juu ya mraba mmoja,
kikarudi, kikapita tena.
"Mzuri," akasema. "Una joto. Uliununua wapi?"

Muuzaji alikuwa ananingoja na mzani.
"Ongeza robo," nikamwambia muuzaji.
Samaki wakaingia. Kisha viazi, kilo mbili,
mkoba ukarefuka mikononi mwake
na hakuna fundo lililoachia.
Maji ya samaki yakaupenya polepole pale kitakoni,
yakaanza kumdondokea kiatuni.
Hakusema kitu.
Nami sikumwonya.